Silabi Kabla ya Mkazo: Historia ya Maneno Marefu ya Kiingereza katika Ufuko wa Kisumu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, limepuuzwa na wanahistoria wa elimu na wanaisimu pia. Jambo lenyewe ni namna maneno marefu ya Kiingereza yalivyogawanywa katika silabi, na namna yalivyowekewa mkazo, mjini Kisumu na katika ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, tangu reli ilipofika mpaka siku zetu.

Mwandishi alijifunza kusoma katika shule moja ya msingi ya ufuko huo. Tulifundishwa kulikata neno vipande vipande na kupiga kofi moja kwa kila kipande, makofi yote yakiwa na nguvu sawa. Njia hiyo ilitufaa sana. Miaka mingi baadaye, katika semina ya chuo kikuu ng'ambo, mwandishi alilitamka neno "category" kwa namna hii: ka-te-GO-ri. Wenzake hawakumwelewa. Akalirudia polepole, akizitenga silabi zake vizuri zaidi, nao wakazidi kutomwelewa. Mwingereza hulitamka CAT-e-go-ry, na sikio lake hutafuta kwanza ile silabi yenye nguvu. Asipoikuta mahali pake, hizo nyingine hazimsaidii kitu.

Kosa la namna hii huelezwa kwa kawaida kuwa ni uzito wa ulimi, au athari ya lugha ya mama. Sisi twaona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Dai letu ni kwamba chombo cha kugawa silabi kilifika ufukoni pamoja na mafunzo ya kusoma lugha za Kiafrika, ambazo mkazo wake haukuhitaji kufundishwa. Baadaye chombo hicho hicho kilihamishiwa Kiingereza bila kuongezwa kile ambacho Kiingereza hukihitaji zaidi. Ili kulithibitisha dai hilo hatuna budi kuanza na lugha zilizokutana bandarini, kisha maneno yaliyokuja kwa sikio, ndipo tufike darasani. Katika mifano yetu kistari kinatenga silabi, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo.

Lugha tatu bandarini

Reli ya Uganda ilifika ufukoni mwezi Desemba 1901, katika kituo kilichoitwa Port Florence, jina lililotokana na Florence Preston, mke wa mhandisi mmojawapo wa reli hiyo. Wakati huo sehemu hizi zilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Zilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Jina la Kisumu likashinda, na mji ukawa mahali ambapo mizigo ilishushwa kutoka garini ikapakiwa melini. Wapagazi, makarani, mafundi wa Kihindi na mabaharia walihitaji lugha ya kuelewana, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kukitangulizia njia mpaka Mumias.

Basi lugha tatu zenye tabia tofauti zilikutana. Kiswahili hupenda silabi wazi, yaani silabi inayoishia kwa irabu, na mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Edward Steere alikwisha kuieleza kanuni hii katika kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1870, na waliomfuata, kama E. O. Ashton mwaka 1944, hawakuwa na sababu ya kuigeuza. Vighairi vipo, lakini ni vichache: "barabara" ya kupita watu ni ba-ra-BA-ra, na "barabara" yenye maana ya sawasawa ni ba-RA-ba-ra, kadhalika wako wanaosema LA-zi-ma na wanaosema la-ZI-ma. Mzungumzaji wa Kiswahili aonapo neno jipya hajiulizi mkazo uko wapi. Huhesabu silabi kutoka nyuma, akaupata.

Kijaluo, au Dholuo kama wenyewe wanavyokiita, ni lugha ya Kinailoti. Silabi zake nyingi hufungwa kwa konsonanti: "nam" ni ziwa, "rech" ni samaki, "yath" ni mti, "wach" ni neno. Ni lugha ya toni, na maana ya neno yaweza kugeuka kwa kupanda au kushuka kwa sauti tu. Irabu zake ni nyingi kuliko tano zinazoandikwa, na tahajia ya kawaida haionyeshi toni kabisa. Msomaji wa Kijaluo hujaza mwenyewe yale yasiyoandikwa, kwa kuwa lugha anaijua.

Kiingereza hakifanani na yoyote kati ya hizo mbili. Hufunga silabi kama Kijaluo, tena hurundika konsonanti tatu au nne pamoja. Kina mkazo kama Kiswahili, lakini mkazo huo huhama. Isitoshe, silabi zisizo na mkazo hufifia, irabu yake ikabaki sauti hafifu isiyo "a" wala "e" wala "o". Sauti hiyo haina herufi yake maalumu katika tahajia.

Maneno yaliyokuja kwa sikio

Kabla ya shule kuenea, maneno ya Kiingereza yalisikika katika gati, garini na sokoni. Tukiyatazama maneno ambayo Kiswahili kiliyachukua, twaona kanuni iliyo wazi. Neno la Kiingereza lenye mkazo mwishoni hupewa irabu ya kufungia, na kwa hiyo silabi yenye mkazo hujikuta ya pili kutoka mwisho. Lugha mbili zikapatana bila kukusudia: po-LICE ikawa po-LI-si, ho-TEL ikawa ho-TE-li, ma-CHINE ikawa ma-SHI-ne. Maneno ya silabi moja yana bahati hiyo hiyo, kama "reli", "treni", "meli" na "benki".

Neno lenye mkazo mwanzoni likifungwa kwa konsonanti huvutwa. TIC-ket ikawa ti-KI-ti, EN-gine ikawa in-JI-ni, STA-tion ikawa ste-SHE-ni, BUD-get ikawa ba-JE-ti. Lenye silabi tatu huvutwa vilevile: COM-pa-ny ikawa kam-PU-ni, na HOS-pi-tal ikawa hos-pi-TA-li, ambapo silabi iliyokuwa hafifu kabisa kwa Mwingereza ndiyo yenye nguvu kwa Mswahili. Neno "dereva" lina mambo yake. DRI-ver ilipasuliwa mwanzoni kwa irabu ikawa de-RE-va, na ijapokuwa silabi zimeongezeka, mkazo umebaki pale pale ulipokuwa. Kwa hiyo mkazo wa Kiingereza haukuhifadhiwa wala haukutupwa. Ulipotea au ulibaki kwa kutegemea umbali wake na mwisho wa neno.

Upande wa Kijaluo mambo yalikwenda kinyume. Maneno mengi yaliyopitia Kiswahili yalipofika ufukoni yalipoteza irabu ya mwisho: "sabuni" ikawa "sabun", "kalamu" ikawa "kalam", "sukari" ikawa "sukar", "daktari" ikawa "laktar" au "daktar", na "shilingi" ikawa "siling". Lakini "meza" ilibaki "mesa", "dirisha" likabaki "dirisa", na "kanisa" halikubadilika. Katika mifano hii irabu zilizoanguka ni "i" na "u", na "a" imesimama. Hizo zilizoanguka ndizo ambazo Kiswahili kilikuwa kimeziongeza ili kufungua silabi. Kiarabu husema "sabun", "qalam" na "sukkar". Mjaluo wa Kisumu, pasipo kukijua Kiarabu, aliyarudisha maneno hayo katika umbo walilolipokea watu wa pwani karne nyingi nyuma. Panapokuwa na konsonanti mbili ambazo haziwezi kufunga silabi, irabu haikuguswa: "chumvi" ikawa "chumbi".

Neno "daktari" latufaa zaidi. Mwingereza husema DOC-tor, silabi mbili, nguvu ikiwa ya kwanza. Mswahili husema dak-TA-ri, silabi tatu, nguvu ikiwa ya kati. Mjaluo aliikata "i", akabaki na silabi mbili kama za Mwingereza, lakini ile iliyokuwa na mkazo wa Kiswahili sasa ndiyo ya mwisho. Idadi ya silabi imerudi ilikoanzia, na uzito wa neno umehamia upande wa pili. Hapo ndipo twaona kwamba kuhesabu silabi na kuweka mkazo ni kazi mbili mbalimbali.

Yapo pia maneno ambayo hayakupitia Kiswahili. Shule kwa Kijaluo ni "skul", na kitabu mara nyingi ni "buk". "Skul" haikutokana na "shule", kwa kuwa "shule" yenyewe ni neno la Kijerumani. Mambo ya sokoni yalikuja kwa kinywa cha Mswahili. Mengi ya darasani yalikuja kwa kinywa cha mmishenari. Mpaka huo si mkali, maana "kalam" ni ya darasani pia. Hata hivyo watuonyesha kwamba Kiingereza kiliingia ufukoni kwa milango miwili, na ule wa pili ndio unaotuhusu sasa.

Chati ya silabi

Mwaka 1906 wamishenari wa CMS, chini ya J. J. Willis, walianzisha shule ya Maseno, magharibi ya Kisumu. Mwaka huo huo Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mahali ambapo baadaye palisimama nyumba ya uchapaji. Kazi ya kwanza ya misheni hizi ilikuwa kusomesha watu maandiko kwa lugha yao. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953.

Chombo cha kufundishia kusoma katika misheni za Afrika Mashariki kilikuwa chati ya silabi: ba, be, bi, bo, bu, da, de, di, do, du. Wengi wetu twadhani chati hii ilibuniwa kwa ajili ya lugha za Kibantu, kwa namna inavyozifaa. Sivyo. Watoto wa Uingereza walikuwa na chati ya namna hiyo karne nyingi zilizopita, juu ya kibao kidogo cha kushikwa mkononi chenye alfabeti na sala. Ilizaliwa Ulaya, ikavuka bahari, na huku ikakuta lugha inayoistahili kuliko ile iliyoizaa. Mtoto aliyeijua chati aliweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata asilopata kulisikia, kwa kuwa silabi zilimpa sauti na hesabu ya kutoka nyuma ilimpa mkazo. Kwa Kijaluo chati ilibidi iongezewe silabi funge, na toni hazikuandikwa. Lakini mtoto alikuwa na lugha kichwani tayari.

Kwa Kiingereza chati haikufanya kazi vizuri hata kwao. Katikati ya karne ya 18 kitabu kilichotumika sana kufundisha tahajia kilikuwa cha Thomas Dilworth, kilichotoka mwaka 1740. Dilworth aliyakata maneno kwa kanuni ya jumla: konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata. Hivyo alikata "ha-bit", na "cluster" akalikata "clu-ster". Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1783, alilalamika kwamba mkato huo wamdanganya mtoto, maana akiona "ha" peke yake ataivuta irabu ambayo yapaswa kuwa fupi. Yeye akakata "hab-it" na "clus-ter", akifuata sikio badala ya kanuni ya jicho.

Mgogoro huo haukwisha. Wachapaji wa Marekani kwa kawaida wameelekea kukata neno kwa matamshi, na wa Uingereza wameelekea kutazama zaidi viungo vinavyolijenga. Mtoto wa Kisumu aliyesoma vitabu vya Kiingereza aliviona vistari mwishoni mwa mistari pasipo kuambiwa kwamba wenye lugha wenyewe hawakupatana juu yake. Yeye alivichukua kama vile vya Kiswahili, yaani kama maagizo ya namna ya kutamka.

Neno refu

Tuchukue maneno matatu ya ukoo mmoja: PHO-to-graph, pho-TOG-ra-pher, pho-to-GRAPH-ic. Shina ni moja na herufi za mwanzo ni zile zile, lakini mkazo umehama mara mbili. Tena ulipohama, mipaka ya silabi ilihama nao. Katika neno la pili "g" imevutwa na silabi yenye mkazo; katika la tatu imerudi kuungana na "r". Irabu nazo zimebadilika, kwani "o" ya kwanza iliyo kamili katika neno la kwanza imefifia katika la pili. Kwa hiyo hatuwezi kuzigawa silabi hizi sawasawa mpaka tumejua mkazo uko wapi.

Katika Kiswahili silabi hutangulia, na mkazo hutokana nazo. Katika Kiingereza, kwa maneno mengi marefu, mkazo hutangulia, na mipaka ya silabi hutokana nao. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi, "Ligawe neno kwanza, kisha ulitamke," amemfundisha kanuni njema ya Kiswahili na kuiita ya Kiingereza.

Isidhaniwe kwamba mkazo wa Kiingereza hauna utaratibu. Maneno yenye viambishi vya mwisho "-ic", "-tion" na "-ity" huweka mkazo katika silabi iliyotangulia kiambishi: e-co-NOM-ic, ed-u-CA-tion, e-lec-TRIC-i-ty. Kwa maneno mengi yaliyotoka Kilatini ipo kanuni ya uzito: silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa nzito hubeba mkazo, kama a-GEN-da, ikiwa nyepesi mkazo hurudi nyuma hatua moja, kama CIN-e-ma. Chomsky na Halle waliziweka kanuni za namna hii katika utaratibu mmoja mwaka 1968, ingawa ajabu ni kwamba kitabu chao hakikuipa silabi nafasi rasmi. Ni katika miaka ya 1970 ndipo wanafonolojia, miongoni mwao Daniel Kahn mwaka 1976, walipoirudisha.

Linganisha hapo neno CIN-e-ma na "sinema" yetu, si-NE-ma. Mswahili huhesabu silabi tu. Mwingereza huzipima. Tofauti kati ya kuhesabu na kupima yaweza kuelezwa darasani kwa dakika kumi, lakini mwandishi hakuielezwa hata mara moja katika miaka yote aliyosoma Kiingereza nchini.

Sera na darasa

Kwa nini haikuelezwa? Sehemu ya jibu imo katika historia ya sera. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini. Katika mpango wa namna hiyo Kiingereza kilimfikia mtoto akiwa amekwisha kusoma kwa silabi. Mwalimu alikuwa na haki ya kudhani kwamba kusoma kumekwisha kufundishwa, na kwamba yaliyobaki ni msamiati na sarufi.

Mwaka 1957 ulianza nchini Kenya mtindo mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ripoti ya tume ya Simeon Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Mtindo huo ulisisitiza mazungumzo na vitendo, na kwa dhamiri yake ungeweza kuurudisha mkazo mahali pake, kwani mkazo hujifunzwa kwa sikio. Lakini ulienea upesi kuliko walimu waliofunzwa, na mwalimu asiye na mafunzo hukimbilia chombo anachokijua, yaani chati na makofi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilizirudisha lugha za wenyeji katika miaka ya mwanzo, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukakifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani. Mabadiliko haya yote yalihusu swali la lugha ipi na darasa gani. Swali la namna ya kulitamka neno refu halikuwa la sera, liliachiwa mwalimu.

Matokeo yake si madogo. Mtoto wa ufukoni ambaye husema "siling" kwa "shilingi", kwa kuwa Kijaluo hakina "sh", huchekwa kwa sauti moja tu, naye akitaka huirekebisha kwa mazoezi. Mkazo uliohama humgharimu zaidi, maana humfanya asieleweke, na hakuna anayeweza kumwambia kosa ni lipi. Huambiwa tu kwamba Kiingereza chake "kizito". Katika usaili wa kazi neno hilo latosha kumrudisha mtu nyumbani.

Pengine msomaji atapinga kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki kimekwisha kuwa na mapigo yake, na kwamba hatuna wajibu wa kumwiga Mwingereza. Hoja hii tunaikubali kwa nusu. Kati yetu sisi kwa sisi, ve-je-TA-bol yaeleweka, wala hatuoni aibu yoyote ndani yake. Lakini kuchagua ni kwa mtu ajuaye njia zote mbili. Asiyepata kuambiwa kwamba mkazo huhama hakuchagua chochote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kisumu anayelikata neno la Kiingereza vipande sawa na kuutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho hafanyi kosa la ovyo. Anafuata kanuni iliyo sahihi katika lugha nyingine aijuayo, kwa chombo kilichotoka Uingereza kwenyewe na ambacho Webster alikwisha kulalamikia matumizi yake karne mbili zilizopita.

Mapendekezo yetu ni mawili. Kwanza, katika vyuo vya ualimu, neno refu la Kiingereza lifundishwe kwa kuonyesha silabi yenye mkazo kabla ya kuligawa, na maneno ya ukoo mmoja yafundishwe pamoja ili uhamaji uonekane. Pili, kanuni ya mkazo wa Kiswahili nayo ifundishwe waziwazi, hata kama twaona kwamba kila mtu anaijua. Mtoto aliyepata kuambiwa kwamba tikiti ni ti-KI-ti kwa sababu fulani yu tayari kusikia kwamba TIC-ket ina sababu nyingine. Kazi hiyo ya pili ni yetu sisi walimu wa Kiswahili, wala hatuna haja ya kuwangojea wenzetu wa Kiingereza ili tuianze.